Namna ya Kuhesabu na Kufuatilia Seti za Kromosomu Seli Inapogawanyika

Mwanafunzi anayekutana na mgawanyiko wa seli kwa mara ya kwanza hukariri majina ya hatua zake bila taabu kubwa, lakini anapoulizwa seli ya binadamu ina kromosomu ngapi mwishoni mwa meiosisi ya kwanza (meiosisi ni mgawanyiko wa awamu mbili unaozalisha mayai na mbegu za kiume), ina seti ngapi, na ina DNA kiasi gani, huanza kusitasita. Kusitasita huko kuna sababu ya haki kabisa: maswali hayo ni matatu, majibu yake hayalingani, na vitabu vingi huyajibu yote kwa mkupuo mmoja. Mwongozo huu unaeleza njia ya kuweka hesabu tatu mbalimbali na kuzifuata zote kwa pamoja, hatua baada ya hatua, katika seli za mwili na katika seli zinazozalisha mayai na mbegu za kiume. Kinachohitajika, ukiacha jaribio la hadubini la Hatua ya 9, ni daftari, kalamu mbili za rangi tofauti na subira ya saa moja hivi.

Hatua ya 1: Tenganisha vitu vitatu unavyohesabu

Kromosomu ni molekuli ndefu ya DNA iliyozungushwa na kukunjwa pamoja na protini ndani ya kiini cha seli. Seli ambayo bado haijaanza kujiandaa kugawanyika huwa na kromosomu zenye molekuli moja moja ya DNA. Inapojiandaa, kila molekuli hunakiliwa, na nakala hizo mbili hubaki zimeshikamana, hasa kwenye sehemu iliyobanwa iitwayo sentromea. Kila nakala huitwa kromatidi. Zote mbili kwa pamoja, maadamu zimeshikamana, zinahesabiwa kuwa kromosomu moja.

Hapa ndipo penye chanzo cha makosa mengi. Umbo la X linalochorwa katika vitabu ni kromosomu moja yenye kromatidi mbili. Si kromosomu mbili, wala si jozi ya kromosomu ya mama na ya baba. Kanuni ya kwanza basi ni hii: ili kupata idadi ya kromosomu, hesabu sentromea. Kromatidi mbili zilizoungana kwenye sentromea ni kromosomu moja. Zikiachana, kila moja inakuwa kromosomu kamili papo hapo, hata kama bado zimo ndani ya seli ileile.

Hesabu ya pili ni ya molekuli za DNA. Kromosomu ambayo haijanakiliwa ina molekuli moja, na iliyonakiliwa ina mbili. Hesabu hii ndiyo inayofuatana na uzito wa DNA katika kiini, ambao wanabiolojia huuandika kwa herufi c.

Hesabu ya tatu ni ya seti, nayo ndiyo inayohitaji fikra zaidi. Seti moja ni mkusanyiko wa kromosomu zisizofanana, kila aina ikiwakilishwa mara moja, kama vile juzuu 23 zinazokamilisha kitabu kimoja kikubwa. Seli ya mwili wa binadamu ina seti mbili, moja iliyotoka kwa mama na nyingine kwa baba, kwa hiyo ina kromosomu 46. Kromosomu ya aina ya kwanza iliyotoka kwa mama na ile ya aina ya kwanza iliyotoka kwa baba huitwa homologasi: zina jeni zilezile kwa mpangilio uleule, ingawa matoleo ya jeni hizo yanaweza kutofautiana. Seli yenye seti mbili huitwa diploidi, na idadi ya kromosomu zake huandikwa 2n. Gameti, yaani yai au mbegu ya kiume, huwa na n, nayo huitwa haploidi.

Jambo la kushika kabla ya kuendelea ni kwamba kunakili DNA hakuongezi seti. Seli ya diploidi iliyokwisha kunakili DNA yake ina molekuli maradufu, lakini bado ni diploidi, kwa kuwa idadi ya sentromea zilizojitenga haijabadilika.

Hatua ya 2: Chora seli ndogo ya kufanyia kazi

Usianze na kromosomu 46, kwa sababu utapotea katika kuchora kabla hujafika kwenye kufikiri. Chora duara kubwa na ndani yake mistari minne: mmoja mrefu na mmoja mfupi kwa kalamu nyekundu, kisha mwingine mrefu na mwingine mfupi kwa kalamu ya buluu. Urefu unaonyesha aina ya kromosomu, na rangi inaonyesha mzazi aliyeitoa: nyekundu kwa mama, buluu kwa baba. Weka nukta katikati ya kila mstari kuwa ndiyo sentromea. Chini ya duara andika hesabu tatu:

Kromosomu 4, molekuli za DNA 4, seti 2.

Seli yenye kromosomu nne si ya kubuni tu. Mwaka 1883 mwanabiolojia wa Ubelgiji Édouard van Beneden alichapisha uchunguzi wake wa mayai ya mnyoo anayeishi matumboni mwa farasi, na ndani yake alionyesha kwamba yai huleta kromosomu mbili, mbegu ya kiume huleta mbili, na zigoti inayotungwa huwa na nne. Uchunguzi huo ulizaa swali lililokuwa lazima lijibiwe: ikiwa kila kizazi kinaunganisha kromosomu za wazazi wawili, kwa nini idadi yake haiongezeki maradufu kila mara? Mwaka 1887 mwanabiolojia wa Ujerumani August Weismann alitoa hoja kwamba ni lazima uwepo mgawanyiko wa pekee unaopunguza idadi hiyo kwa nusu kabla ya utungisho. Hatua ya 5 ya mwongozo huu inaeleza mgawanyiko huo.

Hatua ya 3: Nakili DNA kwanza

Mitosisi na meiosisi zote mbili hutanguliwa na kipindi cha kunakili DNA, kinachoitwa awamu ya S. Chora duara jipya, na kwa kila mstari ongeza mstari wa pili wa rangi ileile uliobandikwa kwenye nukta ileile. Sasa una maumbo manne ya X: mawili mekundu na mawili ya buluu. Andika:

Kromosomu 4, molekuli za DNA 8, seti 2.

Namba ya katikati pekee ndiyo iliyobadilika. Kwa binadamu, kiini cha seli ya mwili kabla ya kunakili kina DNA yenye uzito wa kati ya pikogramu 6 na 7, na baada ya kunakili uzito huo huwa maradufu. Mashine inayopima mwanga wa rangi iliyojishika kwenye DNA ingeona tofauti hiyo waziwazi, ilhali mtu anayehesabu sentromea angepata 46 kabla na 46 baada.

Hatua ya 4: Fuata mitosisi

Mitosisi ndiyo mgawanyiko wa seli za mwili: za ngozi, za uboho, za ncha ya mzizi, za kiinitete kinachokua. Hata seli zinazoandaliwa kuwa mayai au mbegu za kiume huongezeka kwanza kwa mitosisi ndani ya ovari na korodani, jambo linalosahauliwa mara nyingi. Si sahihi, kwa hiyo, kudhani kwamba kila seli inayogawanyika ndani ya korodani inafanya meiosisi.

Katika profazi kromosomu hujikunja na kuwa nene kiasi cha kuonekana kwa hadubini, na utando wa kiini huvunjika. Katika metafazi zote hujipanga katikati ya seli, kila moja peke yake. Angalia mchoro wako: maumbo manne ya X yanakaa kwenye mstari mmoja, na kromosomu nyekundu ndefu haijali kabisa ilipo buluu ndefu. Nyuzi za protini kutoka ncha moja ya seli hushika kromatidi moja ya kila kromosomu, na nyuzi za ncha ya pili hushika dada yake.

Katika anafazi protini inayozishikiza kromatidi dada, iitwayo kohesini, hukatwa, na dada hao huvutwa kuelekea ncha tofauti. Simama hapa na uhesabu upya, kwa sababu ndipo wengi huteleza. Sentromea zimeachana, kwa hiyo seli hiyo moja, kwa muda mfupi, ina kromosomu 8 na seti 4:

Kromosomu 8, molekuli za DNA 8, seti 4.

Kwa binadamu hesabu hiyo ni 92, 92 na 4. Kisha telofazi huunda viini viwili, sitoplazimu, yaani ute unaozunguka kiini, hugawanyika, na kila seli mpya hurudi palepale tulipoanzia: kromosomu 4, molekuli 4, seti 2, mistari miwili mekundu na miwili ya buluu. Seli mbili zilizopatikana ni nakala za seli mama, isipokuwa pale ambapo kosa dogo la kunakili limetokea.

Hatua ya 5: Fuata meiosisi ya kwanza

Rudi kwenye mchoro wa Hatua ya 3, wenye kromosomu 4, molekuli 8 na seti 2. Meiosisi inaanza na seli hiyohiyo, ikiwa na hesabu zilezile. Tofauti yote imo katika namna kromosomu zinavyojipanga, na mtu akielewa mpangilio huo hahitaji kukariri matokeo.

Katika profazi ya kwanza kila kromosomu hutafuta homologasi yake na kulala kando yake kwa urefu wote. Nyekundu ndefu huungana na buluu ndefu, nyekundu fupi na buluu fupi. Kila jozi sasa ina kromosomu mbili na kromatidi nne. Zikiwa zimekaribiana hivyo, DNA hukatika mahali maalumu na kuungwa tena kwa kuvuka upande wa pili, na hivyo kipande cha kromatidi nyekundu hubadilishana nafasi na kipande sawa cha kromatidi ya buluu. Lionyeshe jambo hili katika mchoro wako: kwenye kromosomu ndefu, ipake kromatidi moja nyekundu ncha ya buluu, na kromatidi moja ya buluu ncha nyekundu. Hesabu haikubadilika hata moja, lakini kuanzia sasa kromosomu nyekundu si ya mama mtupu.

Mabadilishano hayo huleta mchanganyiko mpya wa jeni, na mara nyingi ndiyo sababu pekee inayotajwa darasani. Yana kazi nyingine ya kimwili ambayo naona inastahili kusisitizwa zaidi kuliko inavyosisitizwa. Mahali palipobadilishana vipande huzishikiza homologasi mbili pamoja mpaka zivutwe kuelekea ncha tofauti. Jozi ambayo haikubadilishana vipande popote inaweza kuachana mapema, na kila kromosomu ikaenda ovyo.

Katika metafazi ya kwanza jozi, wala si kromosomu moja moja, hujipanga katikati ya seli. Seli yako ya karatasi ina jozi mbili mahali ambapo mitosisi ingekuwa na kromosomu nne zilizojitegemea. Kila jozi hugeuka upande wowote bila kuangalia jozi nyingine: nyekundu ndefu inaweza kuelekea kushoto pamoja na nyekundu fupi, au pamoja na buluu fupi. Kwa jozi mbili kuna michanganyiko minne ya gameti. Kwa jozi 23 za binadamu iko 8,388,608, kabla hata ya kuhesabu vipande vilivyobadilishana.

Katika anafazi ya kwanza homologasi huachana. Kromatidi dada haziachani, kwa sababu kohesini iliyo karibu na sentromea inalindwa na protini nyingine iitwayo shugoshini, ambayo huizuia isikatwe. Kohesini iliyo kwenye mikono ya kromosomu hukatwa, na hilo ndilo linaloruhusu vipande vilivyovuka vifunguke. Kromosomu nzima yenye umbo la X huenda ncha moja, na mwenzake mzima huenda ncha ya pili. Sentromea hazikuachana, kwa hiyo hakuna kromosomu mpya iliyozaliwa. Seli zinapokamilika kugawanyika, kila moja ina:

Kromosomu 2, molekuli za DNA 4, seti 1.

Tazama ndani ya duara: kuna kromosomu moja ndefu na moja fupi. Kila aina imewakilishwa mara moja tu, na hiyo ndiyo maana ya seti moja. Ni haploidi tayari, ingawa kiasi chake cha DNA ni sawa na cha seli ya mwili ambayo haijanakili. Anayepima DNA peke yake angedhani ni diploidi. Anayehesabu aina za kromosomu hawezi kudanganyika. Upunguzaji wa seti hutokea hapa, katika meiosisi ya kwanza, na mwanafunzi anayeandika kwamba hutokea katika ya pili amechanganya seti na kromatidi.

Hatua ya 6: Fuata meiosisi ya pili

Hakuna kunakili DNA kati ya migawanyiko hii miwili. Kromosomu hujipanga moja moja katikati, sentromea huachana, na kromatidi dada huenda ncha tofauti, kama katika mitosisi. Kila seli ya mwisho huwa na:

Kromosomu 2, molekuli za DNA 2, seti 1.

Kutokana na seli moja iliyoanza zimepatikana nne, na kwa sababu ya vipande vilivyobadilishana, kromatidi zilizokuwa dada hazifanani tena.

Hatua ya 7: Weka hesabu hizo kwenye muda wa kweli wa mwili

Katika korodani mchakato ni wa moja kwa moja. Meiosisi huanza wakati wa balehe na kuendelea bila kukoma. Kila seli inayoingia hutoa mbegu nne za kiume, na safari nzima kutoka seli ya awali hadi mbegu iliyokamilika huchukua zaidi ya miezi miwili.

Katika ovari mambo ni tofauti kabisa, na hapa hesabu tatu zinaonyesha faida yake. Seli za mayai huingia meiosisi kabla msichana hajazaliwa, hubadilishana vipande, kisha husimama katika profazi ya kwanza zikiwa na kromosomu 46, molekuli 92 na seti 2. Zinabaki hivyo kwa miaka mingi. Nyingine kwa miongo minne na zaidi. Yai linapokomaa, muda mfupi kabla ya kutolewa kwenye ovari, meiosisi ya kwanza hukamilika kwa mgawanyo usio sawa: seli moja huchukua karibu sitoplazimu yote, na nyingine huwa kijiseli kidogo cha pembeni chenye seti yake ya kromosomu lakini kisichokuwa yai. Seli kubwa huingia meiosisi ya pili na kusimama tena, safari hii katika metafazi.

Kwa hiyo yai la binadamu linaloitwa haploidi, wakati linasubiri mbegu ya kiume, lina kromosomu 23, molekuli 46 na seti 1. Mbegu inapoingia ndipo meiosisi ya pili inapomalizika, nusu ya kromatidi hutolewa ndani ya kijiseli cha pili cha pembeni, na kile kinachobaki ni kromosomu 23 zenye molekuli moja moja. Wakati huo seti ya baba imo tayari ndani ya seli ileile.

Hatua ya 8: Jaribu kanuni kwenye viumbe visivyo vya kawaida

Mtu ambaye amehesabu seli za binadamu tu anaweza kuamini kwamba mwili daima ni diploidi na gameti daima ina seti moja. Maumbile ni mapana zaidi, na mifano minne hii inatosha kuupima uelewa wako.

Nyuki dume hutokana na yai lisilotungishwa, kwa hiyo seli zake zina kromosomu 16 tu, wakati malkia ana 32. Mwili mzima wa nyuki dume unajengwa kwa mitosisi kutoka seli ya haploidi, na kwa kuwa hana homologasi za kuunganisha, mbegu zake hutengenezwa bila upunguzaji wa seti. Mitosisi, basi, haina haja ya seti mbili. Hunakili chochote kinachopatikana.

Nzige wa jangwani dume ana kromosomu 23 na jike 24. Jike ana kromosomu mbili za X (hapa X ni jina la kromosomu ya jinsia, si umbo la X la michoro yetu), na dume ana moja isiyo na mwenzake. Fuata meiosisi ya dume: jozi 11 zinaachana vizuri, na X iliyo peke yake huenda upande mmoja, hivyo nusu ya mbegu hupata kromosomu 12 na nusu 11. Idadi isiyogawanyika kwa mbili haivunji kanuni, mradi ujue ni kromosomu ipi inayokosa mwenzake.

Ngano ya mkate ina kromosomu 42 katika seli za mwili na 21 katika gameti, kwa hiyo n ni 21. Hata hivyo, historia yake inaonyesha kwamba ilitokana na kuungana kwa jamii tatu za nyasi, kila moja ikiwa na seti ya kromosomu 7, hivyo seli ya mwili ina seti sita na gameti ina tatu. Wanabiolojia hutumia herufi x kwa idadi ya kromosomu katika seti moja ya msingi, nao huandika 2n = 6x = 42. Herufi n humaanisha idadi iliyomo katika gameti. Herufi x humaanisha idadi iliyomo katika seti moja ya msingi. Kwa binadamu zote mbili ni 23, na ndiyo sababu tofauti yake hujificha.

Ndani ya mwili wa binadamu wenyewe pia kuna seli zisizofuata mkumbo. Chembe nyekundu za damu zilizokomaa hazina kiini, kwa hiyo hazina kromosomu hata moja. Seli nyingi za ini zina seti nne, na seli za uboho zinazozalisha chembe sahani hufikia seti 16 na zaidi, kwa kunakili DNA mara kwa mara bila kugawanyika.

Hatua ya 9: Thibitisha kwa hadubini

Mahali rahisi pa kuona mitosisi ni ncha ya mzizi wa kitunguu maji, ambacho kina kromosomu 16 kubwa. Otesha mizizi kwa kuweka kitako cha kitunguu juu ya maji kwa siku chache, kata milimita mbili au tatu za mwisho, na uzitumbukize katika mchanganyiko wa alkoholi ya ethanoli sehemu tatu kwa asidi ya asetiki sehemu moja kwa saa kadhaa. Baada ya hapo lainisha kwa asidi ya haidrokloriki ya nguvu ya moli 1 kwa lita, kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi, kwa dakika 8 hivi, suuza, kisha tia rangi ya asetokamini au asetoosini. Weka kwenye slaidi, funika, na ukandamize kwa kidole gumba bila kusogeza kifuniko kando, kwa sababu msogeo huo huzikunja seli na kuzirundika. Vaa miwani ya kinga na glavu. Asidi hizi huunguza.

Seli nyingi utakazoona hazigawanyiki. Tafuta seli ya anafazi: makundi mawili ya vijiti vyeusi vinavyoachana, kila kijiti kimekunjwa katikati kwa umbo la V, na ncha ya V ikitangulia kuelekea pembe ya seli. Ncha hiyo ni sentromea inayovutwa, na mikono ya kromosomu inaburutwa nyuma yake. Ukiweza kuhesabu kundi moja utapata 16. Seli nzima, kwa dakika hizo, ina 32.

Usitafute meiosisi kwenye mzizi, kwa maana haipo. Ipo ndani ya vichavulio vya machipukizi machanga sana ya maua, na katika metafazi ya kwanza ya kitunguu utaona maumbo 8, kila moja likiwa jozi.

Kuhesabu kunataka uangalifu hata kwa wataalamu. Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu viliandika kwamba binadamu ana kromosomu 48, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi Lund nchini Uswidi, walipochapisha mwaka 1956 kwamba ni 46. Walitumia dawa ya kolkisini inayozuia nyuzi za mvuto, ili seli nyingi zisimame katika metafazi, na mmumunyo mwepesi unaozivimbisha seli ili kromosomu zisilaliane.

Hatua ya 10: Tumia hesabu kutafuta kosa lilipotokea

Wakati mwingine kromosomu mbili zinazopaswa kuachana huenda upande mmoja. Chora kosa hilo katika meiosisi ya kwanza, kisha uchore lingine katika ya pili, na ulinganishe. Homologasi zisipoachana katika ya kwanza, gameti zote nne huharibika: mbili zina kromosomu ya ziada na mbili zimepungukiwa. Kromatidi dada zisipoachana katika ya pili, gameti mbili ni salama, moja ina ziada na moja imepungukiwa. Ipo tofauti nyingine yenye thamani kubwa kwa uchunguzi: kosa la kwanza huleta pamoja sentromea nyekundu na ya buluu, na kosa la pili huleta sentromea mbili za rangi moja. Kwa kulinganisha DNA iliyo karibu na sentromea, wachunguzi wamebaini kwamba kromosomu 21 ya ziada inayosababisha sindromu ya Down hutoka kwa mama mara nyingi zaidi kuliko kwa baba, na mara nyingi kutoka meiosisi ya kwanza, ile inayosimama kwa miaka.

Usichanganye kromosomu ya ziada na seti ya ziada. Mtu mwenye kromosomu 47 ana seti mbili na kromosomu moja zaidi. Kiinitete chenye 69 kina seti tatu kamili, na binadamu wa namna hiyo kwa kawaida hafiki kuzaliwa. Ndizi nyingi zinazolimwa, kwa upande mwingine, zina seti tatu za kromosomu 11 na hustawi vizuri. Kinachozishinda ni kutoa mbegu, kwa sababu kila aina ya kromosomu ina wenza watatu wasioweza kugawanywa sawa katika meiosisi.

Mfano wa mwisho ufanye mwenyewe kabla ya kusoma jibu. Farasi ana kromosomu 64 na punda 62. Nyumbu, anayezaliwa na punda dume na farasi jike, ana ngapi, ana seti ngapi, na kwa nini mwili wake una nguvu ilhali karibu daima hazai? Yai la farasi lilileta 32 na mbegu ya punda 31, kwa hiyo nyumbu ana 63 na seti mbili. Seti hizo zinatosha kabisa kuujenga mwili, kwa kuwa katika mitosisi kila kromosomu hujipanga peke yake na haiulizi mwenzake yuko wapi. Katika meiosisi ya kwanza kila kromosomu lazima impate mwenzake, na kromosomu za farasi na za punda zimetofautiana kwa mpangilio kiasi kwamba nyingi hazilingani vizuri. Jozi haziundwi inavyotakiwa, na karibu seli zote hukwama kabla ya kutoa gameti.